Alama Tatu za Meinir Prosser

Meinir Prosser alikuwa na saluni ya nywele katika kijiji cha Pontyrhelyg, magharibi mwa Wales, na alikuwa na mdomo. Saluni ilimpa riziki. Mdomo ndio uliompa cheo.

Cheo chenyewe kilikuja hivi. Lori la maziwa lilikata kona ya kanisa kwa kasi, likabomoa ukuta na kuua bata wawili wa mchungaji. Watu walisikitika, wakanywa chai, wakaenda zao. Meinir hakwenda zake. Aliunda kamati ya usalama barabarani, akajiteua mwenyekiti kwa sababu hakuna mwingine aliyenyoosha mkono, akanunua vizibao vya manjano vya kung'aa, na kila Jumamosi akawa anasimama kando ya barabara kuinulia kiganja kila gari lililozidi kikomo cha maili ishirini kwa saa. Hefin, mwenye baa, ambaye aliona mwendo wa ishirini ni mwendo wa jeneza, aliibatiza kamati hiyo Jeshi la Konokono. Meinir hakujali. Alipiga simu polisi, akapiga tena, akapiga tena, mpaka nadhani wakubwa wale waliona heri walete gari la kamera ya kupima mwendo kuliko kuendelea kumsikiliza.

Asubuhi gari hilo lilipofika kwa mara ya kwanza, likaegesha chini ya mteremko wa kanisa, Meinir alikuwa ameamka mapema kuoka keki. Ilikuwa keki ya zabibu kavu zilizolowekwa kwenye chai, ile inayoliwa kwa siagi. Mvua ilikuwa inanyesha, na alimwonea huruma yule afisa, mtoto wa watu, kukaa peke yake ndani ya bati baridi kwa ajili ya usalama wa Pontyrhelyg. Akaiweka keki kwenye kiti cha abiria ingali moto, akaifunga mkanda isije ikadondoka, akateremka nayo huku akiimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya. Alikuwa na furaha ya mtu anayepeleka posa.

Akagonga dirisha la gari la kamera. Afisa, mwanamume mwenye ndevu za rangi ya shaba, akafungua.

"Habari za asubuhi, mwanangu! Mimi ndiye Meinir. Mwenyekiti. Mimi ndiye niliyekuita."

"Aa," akasema afisa. "Kumbe ni wewe."

"Haya, umeshanasa wangapi?"

Afisa akatazama vidole vyake. "Mpaka sasa mmoja."

"Mmoja! Usimwonee huruma, nakuomba. Alikuwa na mwendo gani?"

"Thelathini na tatu."

"Penye ishirini? Na mvua yote hii? Jamani, watu hawana haya! Mtu kama huyo hata leseni sijui aliipataje."

Afisa akakohoa. Uso wake ulikuwa umeiva mpaka masikioni, na Meinir akadhani ni baridi, au labda ni shukrani. Akamsogezea keki.

"Asante sana, mama. Lakini haturuhusiwi kupokea zawadi." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na leo ndiyo kabisa."

Meinir akarudi na keki yake, akawasimulia wateja saluni jinsi vijana wengine wa siku hizi walivyolelewa vizuri.

Barua ilikuja kwa jina la mumewe, kwa kuwa gari lilisajiliwa kwa jina lake. Dilwyn Prosser alikuwa mpiga mnada wa kondoo. Kazini alimwaga maneno kama maharage kwenye sufuria, na labda ndiyo maana nyumbani aliyabana kama bahili. Aliisoma barua mezani, mbele ya mayai yake, akaisoma tena, kisha akamsogezea mkewe pamoja na chumvi.

"Si mimi," akasema.

Barua ilisema gari lao lilipita chini ya mteremko wa kanisa, siku ile, saa ile, kwa mwendo wa maili thelathini na tatu penye ishirini. Mwenye gari alitakiwa kumtaja aliyekuwa akiendesha.

Meinir aliusoma ule mwendo, na sauti yake mwenyewe ikamrudia neno kwa neno. Watu hawana haya. Hata leseni sijui aliipataje. Akaona tena yale masikio mekundu, akatamani sakafu ya jikoni ipasuke immeze, yeye na aproni yake.

"Nilimwambia asinionee huruma, Dilwyn," akasema. "Nilimwomba kwa kinywa changu!"

Dilwyn akatafuna. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Unacheka?"

"Ni yai limenipalia."

"Usipowajibu je?"

"Nisipokutaja, alama sita za makosa zinaandikwa kwenye leseni yangu. Nikikutaja, zako ni tatu." Akajifuta mdomo. "Nakutaja."

"Miaka yote ya ndoa, hata hukufikiria kidogo?"

"Nimefikiria. Ndiyo maana nimeimaliza chai kwanza."

Mama yake Dilwyn, Bi Ceinwen, alikuwa akiishi nao katika chumba cha nyuma. Alikuwa ajuza wa miaka themanini na ushei, mkavu kama ukuni, na tangu Meinir aolewe hakuwahi kumsifia kitu. Mchuzi wa Meinir ulikuwa mwepesi, mapazia yake marefu, na nywele alizomtengeneza kila Ijumaa alizipokea kwa neno moja, "Zitakua." Kwa hiyo Meinir alipomwona amesimama mlangoni, tena amevaa koti kabisa, alijua saa ya kusutwa imefika.

"Nimesikia," akasema Bi Ceinwen. "Kuta za nyumba hii ni karatasi. Niandikeni mimi."

"Tukuandike nini, Mama?"

"Kwamba mimi ndiye niliyeendesha. Bima ya gari inaniruhusu, sivyo? Leseni yangu haijawahi kuguswa tangu niipate, na nilijifunzia kwenye lori la makaa ya mawe. Zileteni hizo alama tatu. Mimi nitazifanyia nini? Nitazikwa nazo."

"Mama, hiyo ni jela," akasema Dilwyn. Kwake ilikuwa hotuba ndefu.

"Jela ina joto. Chumba changu hakina."

Meinir alicheka, halafu akaacha kucheka, maana bikizee yule hakuwa anatania. Akakaa. Na haifai kumsingizia wema asiokuwa nao: kwa muda wa kama birika kuchemka, alilitamani lile jambo kwa moyo wake wote. Aliwaza vizibao vya manjano, akamwaza Hefin, akaiwaza picha yake iliyotoka kwenye gazeti la wilaya, kiganja juu, kama nabii aliyetumwa kwa madereva. Nani angejua? Bikizee, mvua, mteremko. Watu wangesema maskini, mguu umemteleza.

Akafungua tovuti ya polisi kwenye simu, mahali ambapo mtu huweza kuiona picha ya kosa lake. Wote watatu wakainamisha vichwa. Kioo cha mbele kilionekana vizuri mno. Nyuma ya usukani palikuwa na mwanamke aliyeachama kama anayepiga mayowe katikati ya kuimba, kidole kimoja hewani kikiongoza kwaya, na ubavuni mwake keki imefungwa mkanda.

"Mdomo umefunika uso mzima," akasema Bi Ceinwen baada ya kuitazama sana. "Inaweza kuwa mtu yeyote."

"Mama," akasema Meinir. "Asante. Lakini hapana. Mama mkwe nimpeleke jela kwa sababu ya keki?"

"Kwa hiyo alama za kwangu hazikufai."

"Sijasema hivyo, Mama."

"Leseni safi namna hii, mtu anaikataa kama mchele wenye mchanga." Bi Ceinwen akarudi chumbani kwake akiwa ameudhika, na Meinir alibaki akijiuliza kama kweli amebembelezwa na mama mkwe wake, au ameota.

Basi Dilwyn akamtaja. Ikaja barua ya pili, safari hii kwa jina la Meinir mwenyewe, naye akakiri. Ikaja ya tatu, yenye bei. Alikuwa amesikia kwamba waliozidisha kidogo hupelekwa darasani kwa nusu siku kufundishwa adabu ya barabara, na alama hawapati. Alitegemea hilo. Hata alishapanga atakavyomsaidia mwalimu. Lakini barua ilisema mwendo wake umepita kiwango cha darasa. Palibaki njia mbili: akubali faini ya papo kwa papo, pauni mia moja na alama tatu kwenye leseni, au akatae, aende mbele ya hakimu, ambako akishindwa huenda ikawa zaidi.

Kwa siku kadhaa Meinir aliendesha kesi yake peke yake huku akiosha vichwa vya watu. Mheshimiwa hakimu, kibao cha mwendo kilifunikwa na matawi. Matawi gani? Aliyapunguza mwenyewe, kwa mkasi wa saluni. Mheshimiwa, sikujua kikomo. Hukijui, nawe hukisimamia kila Jumamosi? Mheshimiwa, keki ilikuwa moto. Hapo hata yeye aliona aibu kwa niaba ya hakimu.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa pauni. Katika faini ile hapakuwa na mtu. Hapakuwa na askari wa kubishana naye, wala karani wa kumweleza kwamba yeye si mtu wa namna hiyo, kwamba yeye ndiye aliyewaita. Bei ilikuwa ile ile, awe mwenyekiti, awe mlevi. Alilipa kwa simu wakati rangi ya nywele za mke wa mchungaji ikishika, na kabla rangi haijashika vizuri, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Alama zingekaa na leseni yake kwa miaka, na zikifika kumi na mbili ndani ya miaka mitatu huenda akanyang'anywa leseni, gari likabaki kwa Dilwyn tu. Maisha yake yote alikuwa amezoea kujitetea kwa mdomo, na sasa hapakuwa na sikio la kuuelekezea.

Ikabaki kamati.

Alikwenda kwenye mkutano wa ukumbi wa kijiji na hotuba ya kujiuzulu aliyoifanyia mazoezi mbele ya vioo vya saluni. Ilikuwa na mahali pa kunyamaza, na mahali pa sauti kukatika. Alijua wangemsihi abaki. Alishaamua atakataa mara mbili, ya tatu akubali. Bi Ceinwen alikuja naye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaketi mstari wa mbele na mkoba mapajani.

"Ndugu zangu," akasema Meinir, "kuna mtu alikamatwa chini ya kanisa siku ya kwanza ya kamera, kwa mwendo wa thelathini na tatu. Mtu huyo ni mimi."

Kutoka nyuma ikapaa sauti ya Hefin, tamu kama asali.

"Rudia kidogo, Mwenyekiti. Huku nyuma hatukusikia."

"Nimesema nilikamatwa, Hefin."

"Na nani?"

"Na gari nililoliita mwenyewe."

"Mkuki kwa nguruwe!" Hefin akapiga paja. "Oo, acha nife leo. Nimeona kila kitu."

Watu wakaangua kicheko. Meinir alijiona anavuliwa nguo kipande kwa kipande, lakini kicheko kile kilikuwa na ugonjwa wa kuambukiza, naye kikamshika. Ikabidi awasimulie na lile la keki. Mpaka alipofika kwenye "leseni sijui aliipataje," mchungaji alikuwa anafuta machozi kwa ratiba ya ibada.

"Cheka, Hefin, cheka," akasema Bi Ceinwen bila kugeuka. "Baba yako aliingiza trekta kwenye bwawa la ubatizo akiwa hajaonja tone. Angalau huyu wangu alikuwa anaimba."

Huyu wangu. Meinir alisikia maneno hayo mawili, hotuba yote ikamtoka kichwani. Hakukumbuka pa kunyamaza wala pa sauti kukatika. Akasema tu kwamba anajiuzulu.

"Nani anaunga mkono?" akauliza katibu.

Mikono ikainuka yote. Hakuna aliyesihi, hata mara moja. Kabla Meinir hajaketi, katibu alishaandika, na wakauliza nani atashika nafasi, awe mtu mwenye leseni isiyo na doa. Watu wengi wakaanza kutazama viatu vyao. Ikadhihirika kwamba wasio na doa walikuwa wachache kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba Hefin mwenyewe alikuwa na alama sita. Mkono mmoja mkavu ukainuka mstari wa mbele.

Hivyo ndivyo Bi Ceinwen alivyokuwa mwenyekiti wa kamati ya usalama barabarani ya Pontyrhelyg. Wakapita kwenye ajenda iliyofuata, iliyohusu mavi ya mbwa. Meinir akapewa kazi ya chai.

Walipotoka, mwenyekiti mpya akanyoosha mkono apewe ufunguo wa gari. "Wewe umeshaendesha vya kutosha," akasema.

Wakapita kijijini kwa maili kumi na moja kwa saa. Nyuma yao ikajikusanya foleni ndefu: gari la mchungaji, la katibu, trekta, na mwisho kabisa Hefin, akipiga honi kwa kituo kama anayepiga kengele ya msiba. Kijana wa baiskeli akawapita, akawapungia. Bi Ceinwen aliendesha kichwa juu, mikono miwili kwenye usukani, hana wasiwasi na mtu.

"Mama," akasema Meinir, mguu wake wa kulia ukikanyaga zulia mahali ambapo hapakuwa na pedali, "mpaka ishirini inaruhusiwa."

"Inaruhusiwa," akasema Bi Ceinwen. "Haijalazimishwa. Na Ijumaa nywele hizi uziache ndefu kidogo huku nyuma. Safari iliyopita zilikaa vizuri."