Wimbo Unaoanza na Besi

Bendi ya roki ikipigwa picha, anayekatwa bega ni mpiga besi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Bubu, na wala hakulalamika. Jina hilo alibandikwa na kaka yake, mwimbaji wa bendi, tangu wakiwa wadogo, maana mmoja alizaliwa na mdomo wa kuwatosha wawili, mwingine akaambulia masikio. Wanaosema besi haisikiki hawajui wanachosema. Besi ndiyo inayowanyanyua vitini, halafu makofi wanampigia mwimbaji.

Bubu alipiga besi peku. Jukwaani matoazi ya mpiga dramu yalimziba masikio, kwa hiyo alivua viatu akaisikiliza besi yake kwa nyayo, kupitia mbao za sakafu. Wenzake walimtania kwamba siku watakayolipwa vizuri watamchangia kandambili. Yeye alicheka tu. Nyayo zile hazikuwahi kumdanganya. Hata uzi mnene wa besi yake ulipotaka kukatika, mwaka uliopita, alijua mapema. Ulivuma kupita kiasi siku kadhaa, kisha ukapoa, ukaacha kabisa kuimba, na alipougusa tena ukakatika na kumchana kidole.

Ukumbi waliokodi safari hii ulikuwa sinema ya zamani. Nyuma kulikuwa na roshani pana ya kukalia watazamaji, imeshikiliwa na nguzo mbili nyembamba, na ngazi ya kuipanda ilikuwa moja. Siku ya mazoezi walipiga wimbo wao mkubwa, ule wa kurukia, na ulipokwisha Bubu akaziba nyuzi kwa kiganja kama kawaida. Besi ikanyamaza. Sakafu haikunyamaza. Iliendelea kuvuma chini ya nyayo zake kwa pumzi nzima, kama mtu anayemalizia maneno chumba cha pili. Akaijaribu tena. Noti nyingine zote zilipita salama. Ile ya chini kabisa, ambayo wimbo wote umejengwa juu yake, ukumbi uliijibu.

Akapanda roshani. Viti vya safu ya mbele vilikuwa vimefutwa asubuhi ileile, na sasa vilikuwa na vumbi jeupe la plasta. Kwenye kichwa cha nguzo moja rangi mpya ilikuwa imepasuka, na ndani yake ukaonekana ufa wa zamani. Mwenye ukumbi, mtu mwenye mkono wa birika, alikuwa ameukarabati kwa brashi. Bubu alipomfuata, mzee yule alitia pamba masikioni akaulizia kodi yake.

Basi akamwendea kaka yake.

"Kaka, ile roshani si nzima."

"Umeanza lini ufundi wa majengo?"

"Ninaisikia miguuni."

"Watu wanakaa pale tangu babu yetu hajaoa."

"Walikuwa wanakaa. Sisi tunawarukisha."

Kaka mtu akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kupendwa, na hao nao wana hatari zao. "Haya," akasema, "ule wa kurukia tunauacha. Tunapiga mingine. Umeridhika?"

"Na Mama akae chini."

"Mama asukumwe na wahuni? Anakuja kutuona kwa mara ya kwanza, bwana. Atakaa juu, safu ya mbele, kama malkia."

Hapo ndipo Bubu alipopaswa kung'ang'ania. Hakung'ang'ania. Alijipa moyo kwa jambo moja: wimbo ule huanza na besi peke yake, raundi nne, ndipo wengine waingie. Bila yeye hauanzi. Aliona ufunguo uko mfukoni mwake, akalala usingizi.

Jumapili, jua halijazama, ukumbi ulikuwa umefurika. Mama alikaa juu, katikati ya safu ya mbele, na kitambaa chake cha njano. Nyimbo zilikwenda vizuri. Watu wa roshani waliimba wakiwa wamekaa, na Bubu akaanza hata kujiona mjinga kidogo.

Ila shangwe zilipozidi, kichwa cha kaka kikavimba.

"Mnautaka?" akauliza kwenye maikrofoni, na hakuna aliyehitaji kuambiwa wimbo gani. Ukumbi mzima ukaitika. Akamgeukia mdogo wake. Bubu aliondoa mikono kwenye nyuzi akatikisa kichwa.

Kaka akamsogelea, kiganja kimefunika maikrofoni. "Mdogo wangu, usinivue nguo mbele za watu."

"Tulikubaliana."

"Piga."

"Mama yuko juu."

"Ndiyo maana nasema piga."

Bubu akakunja mikono kifuani. Kwa kitambo kidogo alidhani ameshinda. Kisha mtu mmoja wa nyuma akaanza kuuimba mwenyewe mstari wa besi, dum, dum-dum, dum, na wa pili akadakia, na mara ukumbi wote ukawa unauimba kwa mdomo na kuupigilia kwa miguu. Alikuwa ameutunga mwepesi makusudi, hata mtoto aushike, na alijivunia hilo miaka yote. Sasa ulikwenda bila yeye. Mpiga dramu, ambaye hajawahi kuona tamu akaiacha, akaingia nao. Roshani ilisimama yote, ikaruka. Mama naye alisimama, akipiga makofi, amefurahi. Vumbi jeupe lilianza kushuka kwenye mwanga wa taa.

Bubu akageuza kitufe cha amplifaya mpaka mwisho, akapiga. Alipiga mstari wake mwenyewe kombo, akichelewa hapa na kuwahi pale, akiikwepa ile noti ya chini, kwa nguvu hata mwimbaji akaziba masikio. Miguu ya watu ikachanganyikiwa. Huyu alikuwa hewani, yule anatua, wengine wakasimama wakitazamana. Wimbo ukafa, watu wakazomea, na chupa tupu ikamgonga begani.

"Samahanini," kaka alisema kwa hasira. "Mdogo wangu leo kichwa chake hakiko sawa." Watu wakacheka.

Bubu akaziba nyuzi kwa kiganja. Besi ilinyamaza, lakini sakafu iliendelea kuvuma, na safari hii haikukoma kwa pumzi moja wala mbili. Akamsukuma kaka yake kando, akaishika maikrofoni.

"Mama, shuka," akasema. "Wote mlio juu, shukeni. Polepole, msisukumane. Mlio chini ya roshani, ondokeni hapo."

Ilikuwa mara ya kwanza watu kuisikia sauti yake. Wachache walicheka tena, halafu kipande cha plasta, saizi ya sahani, kikaanguka kwenye kiti cha chini ya roshani, mwenyewe akiwa amesimama, na hakuna aliyecheka. Kaka alikitazama kile kipande, akatazama juu, na mdomo wake wote ukamwishia.

Watu wa roshani walianza kushuka ngazi ile moja, na wa chini wakasogea mbele ya jukwaa. Bubu alisimama peku, hajitikisi, akiuombea ule mvumo uendelee. Maadamu uzi unavuma, bado unashika. Robo ya watu ikashuka, kisha nusu, kisha safu za nyuma zote zikawa tupu.

Ndipo sakafu ikapoa. Mvumo ulififia chini ya nyayo zake, ukaacha kabisa.

"Imetulia," kaka alisema, akishusha pumzi, naye ameweka kiganja chake kwenye mbao. "Umeona? Imetulia."

Bubu alikuwa akimtazama Mama, ambaye bado alikuwa juu, kwenye kichwa cha ngazi, amejibana ukutani kuwapisha watoto wa wenzake, kama alivyozoea nyumbani kujipakulia wa mwisho. Alipoona mwanawe anamtazama, alimpungia mkono kwamba asiwe na wasiwasi, anakuja.