Kofia ya Meno ya Mbuzi

Maua yangu yalikataa kukutana. Nilikuwa nimeuzungusha ukanda mzima wa kofia, ua baada ya ua, na nilipofika nilikoanzia pakabaki pengo: jembamba mno kwa ua jingine, pana mno kuachwa tupu. Kufumua nisingeweza. Kofia zetu hushonwa kwa kutoboa, na tundu likishatobolewa halizibiki. Na kofia yenyewe ilikuwa ya kaka yangu Shamsudin, ya kuolea Ijumaa.

Makosa yote niliyaona ni ya Bi Swabaha. Miaka yote tuliyoketi orofani kwake kujifunza, alituchorea kila ua kwa makaa kabla hatujashika sindano, nasi tukaufuata mstari kama punda wa chokaa. Mwaka ule reli ilipokuwa ikivuka Makupa kwenda bara, alinipa kitambaa cheupe pepe. Nikangoja achore.

“Mato unayo na mkono unao, Hind,” akasema. “Leo sikuchorei.”

Wenzangu walicheka. Mama hakucheka. Yeye alitaka kununua kofia ya Lamu, mambo yaishe, na alinikubalia shingo upande tu: nikimwaibisha Shamsudin mbele ya wakwe, kwa Bi Swabaha siendi tena. Na mimi bila sindano ningekuwa nani? Nililitazama lile pengo nikalia hadi pua ikaziba.

Asubuhi yake nikatumwa kukuna nazi. Nikakaa juu ya mbuzi, hasira zimenijaa, nikakuna. Ndipo nikayatazama yale meno ya chuma: madogo, makali, yamejipanga kwa upinde. Nilikuwa nimeyatazama maisha yangu yote bila kuyaona. Nazi nikaiacha papo hapo.

Pengo, ambalo lingekaa kisogoni, nikalijaza meno, safu juu ya safu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, kwa hiyo nikapachika mengine katikati ya maua, yale ya kisogoni yasionekane mayatima.

Mama alipoiona alishika kichwa.

“Wamvika nduguyo mbuzi ya kukunia nazi?”

Lakini Ijumaa ilikuwa imeshafika. Shamsudin akaivaa, akaenda msikitini akicheka peke yake njia nzima.

Sasa, mtu akiketi kusikiliza hotuba haoni uso wa aliye mbele yake, huona kisogo. Safu ya nyuma yote ilikuwa na kofia yangu mbele ya macho, na hotuba siku hiyo ilikuwa ndefu. Baada ya nikahi mkwe mwenyewe aliuliza nani kaishona. Shamsudin akajibu kwa sauti ya kusikika na wote: dada yangu. Jioni wakaja wake zao na vitambaa, na mama ndiye aliyewapokea, akijigamba utadhani meno yale kayaota yeye. Nilifurahi hadi nikashindwa kula pilau.

Muda si muda mji mzima ukavaa meno ya mbuzi. Hata wale wenzangu walionicheka wakawa wanayaiga. Nikampelekea Bi Swabaha kofia yangu mpya ya meno, safi kuliko ya kwanza, nikitaraji sifa. Aliigeuza, akatabasamu, akanirudishia.

“Hii sasa ni ya mji,” akasema. “Yako iko wapi?”

Nilishuka ngazi zake nikitazama kila kitu: magamba ya changu kwenye kapu la mchuuzi, nyayo za kuku vumbini. Vyote vilishoneka.