Chane za Uso wa Bi Mize

Usingizi unampitia Kazija mchana kweupe, baada ya wali na samaki, hapo hapo sakafuni katika chumba chake cha kazi mjini Wete, mbele ya picha iliyomshinda. Na imemshinda kweli, jamani, tusimfichie. Ni picha ya bibi yake, Bi Mize, msuka mikeka aliyemlea tangu anatambaa. Kazija alikwenda Uholanzi kusomea uchoraji, akarudi na rangi zake za mafuta na ule ujuzi wa Wazungu wa kuutoa uso kwenye giza ukawaka. Kisha akachukua ukili, ule utepe mrefu uliosukwa kwa chane, yale majani ya ukindu yaliyochanwa membamba, ambao bibi huushona ukawa mkeka, akaubandika kwa gundi kuizunguka picha. Cha huku na cha kule, akajisifu, vimekutana. Leo asubuhi Bi Mize kaitazama weee, kisha kauliza: Mjukuu wangu, huyu maiti ni nani? Kesho maonyesho yanafunguliwa, na bibi ameapa kwamba picha ile ikitundikwa, yeye hatoki kwake. Bila bibi, Kazija hataki maonyesho wala sifa. Kalia, kajilaza, kalala.

Na mara ukili unabanduka kwenye picha, unajinyoosha, unatoka mlangoni, na Kazija anaufuata pekupeku. Ukili unakuwa njia, na njia haina mwisho, inajisuka mbele yake kadiri anavyokwenda. Kushoto kuna mji wa rangi za mafuta, kila nyumba na kivuli chake, hata kuku ana kivuli. Kulia kuna mji ule ule, nyumba zile zile, ila umesukwa kwa ukindu mwekundu na wa kijani, na hauna kivuli hata kimoja. Miji inatazamana kama mtu na kioo, ukipepesa macho inabadilishana upande, na Kazija anacheka peke yake kwa raha. Mbele anatokea mwanamke aliyejitanda kanga ya Bi Mize, mwendo wa Bi Mize, lakini uso hana, ni peupe kama ndani ya yai. Hujambo, anasema asiye na uso. Sijambo, Kazija anajibu, wewe nani? Mimi ni yule uliyemkausha. Na uso wako uko wapi? Uko palipo na wewe, ila wewe hupo. Makubwa haya! Kazija anasema, hebu niambie kwa Kiswahili. Yule anatikisika mabega kwa kicheko na kumwonyesha mbele kwa kidole.

Njia imekatika. Ng'ambo ya pengo imelala njia nyingine, ya turubai la picha, lililopakwa rangi, na juu yake umechorwa uso wa bibi, mzuri, baridi. Kazija anavuta ncha ya ukili, anavuta ncha ya turubai, anazifunga fundo. Asiye na uso anapiga hatua, anajikwaa kwenye fundo, anaanguka kwa makalio. Ala! anafoka, tangu lini ukili ukafungwa fundo? Barazani ulifundishwa nini weye? Na Kazija anaona haya mpaka masikio, maana anajua, kila mtoto wa msuka mikeka anajua: chane haifungwi wala haigandishwi. Chane mpya huingizwa ndani ya ususi kabla ya ile ya zamani kwisha, zikaenda pamoja kidogo, juu, chini, hata jicho lisijue moja imeishia wapi. Basi kata, anasema asiye na uso. Nikate uso wa bibi yangu? Kazija analia, na kama nikiuharibu? Hata ukindu, mwanangu, tunauchana kwanza. Anajikuta na mkasi mkononi, anakata, anachana turubai chane chane, anapitisha ukindu juu, chini, na uso unaanza kupanda na kushuka kama unavuta pumzi. Makunyanzi yanajikunja. Jicho moja linamkonyeza. Furaha inamjaa Kazija mpaka anapiga kigelegele, na kigelegele chake mwenyewe kinamwamsha.

Amekaa sakafuni. Mkasi anao mkononi, turubai limechanwa kweli mapajani mwake, limesukwa na ukindu kutoka paji la uso hadi chini ya macho, na hakumbuki kunyanyuka. Mlangoni amesimama Bi Mize. Anaitazama picha, anaitazama tena, mkono unamwenda mdomoni. Ee, huyu mie, anasema, huyu ndiye mie hasa! Machozi yanamtoka huku anacheka. Bibi, Kazija anauliza, niko macho au bado nimelala? Bi Mize anavua viatu, anaketi kando yake, analowesha chane ya ukindu kwa mate.

Hayo mie siyajui, anasema, sogea huko, unanizibia mwanga. Na anaanza kulisuka shavu lake mwenyewe.