Barua ya Kumaliza Kifungo

Hironimus, mjumbe wetu wa nyumba kumi hapa Lizaboni, hajui kujibu swali kwa neno moja. Ukimuuliza ni saa ngapi, atakueleza kwanza saa yake aliinunua wapi. Nilijua hivyo, na bado nikaenda naye kujiandikisha kupiga kura. Nilijitakia mwenyewe.

Ilikuwa siku ya mwisho ya uandikishaji, mwaka tisini na tano. Karani alikuwa Ramson, mwalimu kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida. Alinipa shikamoo yangu vizuri, akafungua daftari, kisha akamgeukia mjumbe, maana mjumbe ndiye anayethibitisha wakazi.

"Mjumbe, huyu unamfahamu?"

Ndiyo moja tu ingetosha.

"Nani asiyemfahamu Mzee Sabuni?" Hironimus akapaza sauti foleni nzima isikie. "Themanini na nne alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani na katoni mbili za sabuni chini ya magunia ya mahindi. Magendo! Akala miaka miwili, akatoka mzima kama unavyomwona!"

Alisema kwa fahari kabisa, kana kwamba ananipigia debe. Kalamu ya Ramson ikasimama.

"Mzee, ulifungwa? Mfungwa haruhusiwi."

"Asiyeruhusiwa ni aliyeko ndani, mwalimu. Mimi si niko mbele yako? Na sabuni zenyewe siku hizi nauza dukani, leseni iko ukutani. Juzi hukununua kwangu?"

"Nilinunua, sikatai. Lakini lete barua ya gereza kwamba ulimaliza kifungo. Tunafunga saa kumi."

Nikaenda gerezani kwa miguu, jua la utosi, na umri huu. Kilichonipeleka ni kitu kimoja. Uchaguzi wa themanini na tano ulinikuta ndani, na wa tisini niliona aibu kwenda kujiandikisha. Safari hii nilitaka jina langu liingie kwenye daftari jingine, pamoja na watu, lisibaki kwenye lile la wafungwa peke yake.

Sajini wa zamu alipekua makabati mpaka akapiga chafya.

"Mzee, madaftari ya miaka hiyo yaliliwa na mchwa. Humu jina lako halimo."

"Basi niandikie tu kwamba nilimaliza."

"Nitaandikaje kwamba ulimaliza kifungo, wakati sina ushahidi kwamba ulikianza?"

Akaniandikia alichoweza, kwamba gereza halina kumbukumbu yoyote ya Bartholomeo Komba kuwahi kufungwa. Nikafurahi kama mjinga. Nilirudi mbio kituoni, saa kumi kasorobo, nikampa Ramson karatasi.

"Umeona? Sijawahi kufungwa. Niandike."

Akaisoma mara mbili. "Mzee, mbona mjumbe amethibitisha kwamba ulifungwa?"

"Basi niandike kama niliyefungwa akamaliza!"

"Barua ya kumaliza iko wapi?"

Hironimus alikuwa bado yupo, amekaa kwenye benchi. Nikamwomba aseme kwamba alikosea. Akaniangalia kwa huruma. "Bartho, mimi ni mjumbe. Nitasemaje uongo?" Saa kumi ilipofika Ramson akafunga daftari, akaniomba radhi kwa adabu zote. Niseme ukweli, ile adabu ndiyo iliyoniudhi zaidi. Ningemtukana, lakini nilikuwa nimechoka.

Siku ya uchaguzi nilishinda dukani. Mchana Ramson akaja, kidole chake kimoja cheusi.

"Shikamoo mzee. Naomba kipande cha sabuni. Huu wino hautoki."

"Lete barua."

"Barua gani, mzee?"

"Kwamba umemaliza kupiga kura."

Akacheka sana, akidhani namtania. Mke wangu Fausta hakucheka, alikazana kupanga vibiriti. Nikamkatia kipande, nikamfungia kwenye gazeti, nikampa kwa mkono ambao vidole vyake vyote vilikuwa safi.