Makucha Kwenye Tope

Jumatano, tarehe kumi na tisa Aprili. Mvua iliacha kunyesha alfajiri. Asubuhi mawingu mazito, hakuna upepo, ardhi tope tupu.

Hivyo ndivyo fomu ya kituo chetu cha wanyamapori inavyotaka uanze. Nilijifunza kuandika nikiwa na miaka arobaini na moja, kwenye masomo ya jioni, baada ya kufagia ofisi za kituo hicho kutwa nzima. Kaka yangu, ambaye watu humwita Darubini, alisoma nyayo pale miaka ishirini na miwili. Kisha ikaja amri kwamba msoma nyayo ajaze fomu kwa mkono wake mwenyewe. Kaka hajui kuandika hata jina lake. Wakamrudisha nyumbani kwa mbuzi wake kumi na wawili, ndio riziki yake yote, na kazi yake nikapewa mimi. Siku hiyo nililia, kisha nikapiga magoti nikashukuru.

Asubuhi hiyo ya Jumatano mbuzi mmoja wa kaka hakuonekana zizini. Nikatumwa mimi.

"Karibu, mheshimiwa," wifi alinipokea mlangoni. "Ufagio umeuacha wapi?"

"Nimekuachia wewe, wifi. Huu uwanja wako unauhitaji."

Alicheka kidogo. Kaka alikuwa amechuchumaa nyuma ya zizi.

"Chui," alisema bila kuinua kichwa. "Dume."

Nilifungua daftari langu. Kwenye mafunzo ya kituo, mwalimu alitusomea kitabu nasi tukaandika: vidole vinne na alama za makucha mbele yake, ni fisi au mbwa. Chui huficha makucha. Na pale kwenye tope makucha yalionekana wazi, manne, kama yamechorwa.

"Kaka, makucha haya hapa."

"Ameteleza. Wewe ukiteleza si unashika chochote?"

"Kitabu kinasema—"

"Kitabu kiliandikwa pakavu." Alinionyesha mikwaruzo juu ya nguzo ya zizi, na manyoya machache yaliyonasa hapohapo. "Fisi hapandi, mdogo wangu. Halafu mifupa iko wapi? Fisi angetafuna hapahapa mtaa mzima ukasikia."

Nilisema manyoya yanaweza kuwa ya mbuzi. Hata kuyagusa sikuyagusa. Maisha yangu yote yeye ndiye alikuwa anajua na mimi naambiwa, na siku hiyo nilitaka, mara moja tu, iwe kinyume. Nilifumba macho nikaomba Mungu aniongoze, kisha nikaandika FISI kwa herufi kubwa. Nikamshukuru kwa jibu ambalo hakunipa.

Kwa fisi, kituo hutoa waya wa kuzungushia zizi upande wa chini. Kwa chui, hutoa paa la kulifunika. Mafundi walikuja kesho yake na waya.

"Na huku juu?" wifi aliuliza.

"Fisi haruki, wifi."

Kaka alishika kipande cha waya, akapima kwa macho upana wa zizi. Nikamwambia akirudishe, waya ni wa chini, fomu imesema. Alikirudisha.

Usiku wa Jumamosi chui aliingia kwa juu. Waya wangu haukumpa mbuzi hata mmoja mwanya wa kutoroka. Jumapili asubuhi tulihesabu mizoga kumi. Wa kumi na moja alikuwa amebebwa.

Jumatatu mkuu wa kituo aliwakusanya majirani uwanjani kwa kaka. Alishika ripoti yangu, akaisoma kwa sauti, akakohoa.

"Tukio la kwanza ni fisi. Hili la pili ni chui. Mnyama mwingine, jambo jingine. Kituo kilitimiza wajibu wake." Akanigeukia. "Mama, thibitisha."

Nilisimama. Sala yangu haikupita neno la kwanza.

"Ni yuleyule," nilisema. "Kaka aliniambia ni chui, akanionyesha na manyoya. Nilikataa kwa kujivuna. Nilikosea mimi."

Watu walinung'unika. Wifi alinitazama kama mtu anayetazama chombo kilichovunjika, kisha akaangalia pembeni. Mkuu wa kituo alikunja karatasi.

"Haya, yamekwisha. Sasa huyu chui ameonja, atarudi kwa majirani. Darubini, tunakuhitaji. Fomu atajaza dada yako, wewe utaonyesha tu."

Macho yote yalimgeukia. Mimi nilikuwa wa kwanza kufurahi, Mungu anisamehe, nikidhani hiyo ndiyo fidia.

Kaka aliinuka polepole, akakung'uta magoti.

"Majirani, mmesikia wote, na mimi mnisikie. Naahidi mbele yenu. Huyo mnyama akipita hapa nitamwona, nitajua ametoka wapi na anakwenda wapi. Nyie njooni mniulize, nitawajibu, nyumba kwa nyumba. Lakini kituo hiki hakitasikia neno kutoka kwangu mpaka nazikwa." Akanitazama. "Na wewe, mdogo wangu, usiniulize kitu tena. Soma kitabu chako."