Nani Kampendekeza Marva?

Marva Gittens alidhani ni matapeli. Mtu mwingine angeruka jikoni kama kashinda bahati nasibu, lakini yeye alishapigiwa simu sana na watu wanaojidai wanatoka benki, kwa hiyo aliisoma ile barua amesimama, koti bado mwilini, jicho moja kalikunja. Ilisema Waziri Mkuu anakusudia kumwomba Mfalme ampe Marva Nishani ya Dola ya Uingereza kwa kazi yake ya kufundisha watoto wa Aldersyke kuogelea. Ajibu haraka kama anakubali. Na asimwambie mtu yeyote mpaka majina yatangazwe Mwaka Mpya.

Hapo pa asimwambie mtu ndipo pakamkaa vibaya. Matapeli wote huanza hivyo hivyo.

Namba iliyokuwa kwenye barua hakuipiga, hawezi kuwa mjinga kiasi hicho. Alitafuta namba ya ofisi yenyewe huko London, akapiga, mama mmoja mpole akamwambia naam, ni kweli kabisa, hongera. Marva akakata simu, na badala ya kufurahi akazidi kuchafuka roho. Tapeli unamkatia simu yanaisha. Serikali unaikatia vipi?

Maana sikiliza, ilikuwa wiki gani hiyo? Ilikuwa wiki ambayo bwawa la Aldersyke linafungwa. Bwawa lile ni la zamani, la matofali mekundu, vigae vyake vya kijani viliwekwa enzi za mabibi wa mabibi, na Marva kafundishia pale tangu hana mvi. Halmashauri ya mji ilisema hela hakuna. Ijumaa wanafunga milango, Jumatatu mafundi wanakuja kutoa maji. Na mji mzima ulijua kwamba bwawa la umri ule ukishalitoa maji ndiyo basi tena. Udongo wa nje unasukuma kuta, kuta zinapasuka, na hakuna atakayelijaza tena. Kwa hiyo vita yote ilikuwa maji yasitoke.

Mpango ulikuwa wa Marva. Jumapili mchana wazazi na watoto waingie kwa mlango wa ubavuni, na blanketi, na chupa za chai, na pai za nyama, wakae kando ya maji mpaka madiwani wapige kura upya. Polisi wakija, waje. Ufunguo wa ule mlango alikuwa nao Neville Hoyle, mzee aliyestaafu kazi ya posta, mjane, ambaye kila alfajiri alikuwa analifungua bwawa kwa kujitolea. Ni rafiki yake Marva wa kula naye samaki na chipsi.

Sasa Marva akaanza kupiga hesabu za moyoni. Miaka yote hiyo hakuna aliyesema hata asante. Anaanza tu kupiga kelele, ghafla Mfalme anamkumbuka? Mtu aliyeahidiwa nishani atakaaje kwenye sakafu yenye maji akibebwa na polisi? Si ataitwa aibu, ataambiwa nishani basi tena? Hiyo siyo nishani, hiyo ni lijamu ya kumtia mdomoni.

Akamkumbuka Diwani Lorna Pickles, yule anayeongoza mambo ya kufunga bwawa. Wiki iliyopita sokoni alimwekea mkono begani, akamwambia yeye ni hazina ya mji na anatumaini atabaki hivyo. Kubaki hivyo, maana yake nini? Marva akaligeuza neno hilo usiku na mchana kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki.

Angemwambia kaka yake, Orville, lakini barua imekataza, na hata hivyo jibu la Orville alilijua. Mama yao alitoka Barbados akaja kusugua sakafu za hospitali hapa Yorkshire mpaka magoti yakafa. Orville angeuliza Dola gani hiyo, ile iliyompa mama tambara, au kuna nyingine?

Alhamisi jioni akaenda kula chipsi na Neville. Njiani alimwona kupitia kioo cha mgahawa wa jirani, yuko meza moja na Diwani Pickles, chai mbele yao, vichwa vimeinamiana. Neville alipotoka na kuja kukaa naye hakuitaja chai ile. Marva akasubiri. Neville akamwaga siki, akatafuna, akatazama dirishani, masikio yameiva, halafu akauliza, sauti ya mtu anayejifanya hana habari, kama siku hizi posta inamletea kitu chochote cha maana.

Marva akairudisha chipsi kwenye karatasi. Kwa hiyo na huyu yumo. Atajuaje habari ya barua kama hakuambiwa na yule aliyeipanga? Marva akajibu posta inaleta matangazo ya pizza tu, akafunga koti, akaondoka. Usiku uleule akaandika jibu: anashukuru, ila hapana. Asubuhi akalituma. Wala Marva hakumwambia Neville saa ya kukutana. Alijiambia ufunguo wa msaliti hautaki, ataingia kwa lile dirisha la chumba cha kubadilishia nguo ambalo halijawahi kufungika.

Jumapili wakafika. Manyunyu, baridi, akina mama na watoto wao, kuna mtoto kashavaa kabisa miwani ya kuogelea. Dirisha limepigiliwa mbao. Wote wakamtazama Marva, na Marva akatazama mbao. Kesho asubuhi mafundi wapo. Akawaambia wasubiri, akashika njia ya kwa Neville huku anasaga meno.

Neville alikuwa jikoni anamenya viazi vya mtu mmoja.

"Umekuja kwa ajili ya ufunguo," akasema.

"Nimekuja kuuliza kwanza. Ulijuaje kama nina barua?"

"Barua gani?"

"Nev, usinichezee. Uliniuliza habari za posta ukawa mwekundu kama kamba wa kuchemsha."

Neville akaweka kisu chini. Masikio yalikuwa yameshaanza tena kuiva.

"Siwezi kusema."

"Kakukataza Pickles?"

"Fomu ndiyo imekataza. Imeandikwa pale, unayempendekeza asijue."

Marva akavuta kiti. Ikabidi Neville aseme, kidogo kidogo, kama mtu anayetolewa jino. Alimpendekeza kabla hata halmashauri haijafikiria kufunga, majira yale mkewe Jean amefariki. Jean alipopooza upande mmoja, Marva ndiye aliyekuwa anamshika majini kila Jumatano mpaka akaweza kuelea mwenyewe. Neville akazunguka kwa wazazi kuomba barua za kuunga mkono, na wote waliandika. Halafu kimya kirefu, mpaka akadhani zimetupwa.

"Na Pickles je?"

"Nilimwomba na yeye. Akakataa. Alisema una mdomo."

"Na chai ya Alhamisi?"

"Anataka ufunguo. Nimemwambia nimeupoteza. Nilikuwa naona aibu, sijazoea kudanganya diwani."

Mvua ikagonga dirisha. Ikabidi Marva aseme, maana lisiposemwa sasa lingeoza.

"Nimeikataa, Nev. Nilidhani wananifunga mdomo."

"Wewe?" Neville akaokota kiazi, akakitazama, akakirudisha. "Mdomo wako nani ataufunga?"

Hakucheka, na hilo lilimuuma Marva kuliko kama angefokewa.

"Hivi lakini kile kibati cha nishani kina maana gani?" Marva akauliza. "Dola yenyewe iko wapi? Mfalme hata hajui Aldersyke iko upande gani."

"Kwa Mfalme sijui. Mimi nilichotaka ni watu wakae chini waandike. Yule baba fundi bomba hajashika kalamu tangu shule, aliandika karatasi nzima."

"Aliandika nini? Na wewe uliandika nini?"

"Siruhusiwi kusema."

"Nimeshakataa, Nev. Yamekwisha."

"Niliweka sahihi kwamba sitasema," akasema Neville, akazima oveni na kuchukua koti.

Marva alitaka sana aone aibu, mambo yaishie hapo. Lakini njiani mdudu wa shaka alikuwa bado anamtembea kichwani. Sawa, Neville kaandika. Wazazi wameandika. Ila huko juu nani aliyezichomoa barua zilizolala muda wote huo, akaamua ziamke wiki hii hii?

Neville akafungua mlango wa ubavuni. Ufunguo hakumpa Marva, aliurudisha mfukoni mwake akaupigapiga. Wakaingia kwenye joto na harufu ya dawa ya maji, watoto wakavua viatu, na jioni Diwani Pickles akaja kugonga kioo. Marva akamsogelea, kioo katikati.

"Marva, mpenzi, watoe hawa watu," akasema diwani, taratibu kabisa. "Usijiharibie. Kuna mambo mazuri yanaweza kuwa njiani."

Marva akausogeza uso kwenye kioo.

"Mambo gani?"

Diwani akatabasamu, tabasamu lilelile la sokoni, akasema hajui, anasema tu.

Anajua au hajui? Kaambiwa na nani? Marva akageuka akamtafuta Neville kwa macho. Mzee alikuwa ameketi ukingoni, suruali kaikunja mpaka magotini, miguu majini, anamgawia mtoto pai. Jana angemshuku. Leo alijikuta anataka kumshuku tena, akajizuia kwa nguvu.

"Kama yalikuwa njiani, nimeyarudisha," akamwambia diwani. "Kwa hiyo huna pa kunishikia."

Tabasamu likamtoka diwani usoni. Lilitoka haraka mno kwa mtu asiyejua kitu, na Marva aliliona, akaliweka akilini.

Jumatatu mafundi walikuja na mipira yao ya kunyonya maji, wakakuta miguu imejaa majini pande zote, ya watoto na ya wazee. Mkubwa wao akasema yeye hawezi kutoa maji watu wakiwa ndani. Wakarudi kwenye gari kungoja simu ya halmashauri, na Marva akakaa palepale, anaitazama gari.