Sikio la Upande wa Dada

Waandaaji wa tamasha walikuwa wameigawa siku kwa mada tatu: Mwanga asubuhi, Kivuli alasiri, Giza jioni. Kwenye bango la mlangoni ilipendeza. Mimi kila nilipopita nililisoma, na kila nilipofika kwenye neno la tatu niliongeza mwendo.

Tulikuwa wanne, na hakuna aliyesimama mbele yetu kutuongoza. Dada yangu ndiye fidla ya kwanza. Mimi ni ya pili, nakaa kushoto kwake. Kisha Mwalimu, mzee aliyetufundisha sote, na viola yake, ile fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito. Mwisho ni shemeji, mume wa dada, ambaye huikumbatia selo, fidla kubwa ya kusimamishwa sakafuni, kama mtu anayemzuia mlevi asianguke. Tunaanza kwa pumzi. Dada huvuta hewa puani, kidogo tu, na pumzi hiyo inapoisha pinde zote nne hugusa nyuzi kwa pamoja. Hatujawahi kuanza kwa njia nyingine.

Lakini tangu mvua zilizopita sikio langu la kulia, la upande wa dada, lilikuwa limezima. Sikumwambia mtu. La kushoto lilikuwa zima, ila ndilo linalolaliwa na fidla yangu mwenyewe. Kwa hiyo niliishi kwa macho. Nililitazama bega la dada: likipanda, nami napandisha upinde. Bega lile nililijua kuliko fundi wake wa nguo.

Asubuhi madirisha yalikuwa wazi na hakuna kilichoharibika. Alasiri walishusha mapazia, wakaacha taa moja nyuma yetu. Bega la dada likawa doa tu. Katika sehemu ya polepole, baada ya kituo kirefu cha kimya, wenzangu waliingia pamoja, nami nikafuata nyuma kama mtu anayekimbilia lifti.

"Shemeji, ulikuwa umekwenda kunywa chai?" shemeji aliniuliza tulipotoka jukwaani. "Ungetuagizia na sisi."

Nilicheka. Dada hakucheka.

"Hukufanya mazoezi," alisema.

"Nimefanya, dada."

"Basi ulikuwa unawaza nini?"

Niliinama nikalegeza nywele za upinde. Mwalimu alijifanya anatafuta kitambaa chake mfukoni.

Jioni, kabla ya watu kuingia, tulijaribu giza lenyewe. Mlinzi wa ukumbi alifunika hata kile kijitaa cha kijani juu ya mlango wa kutokea, kisha akazima taa zote. Sikuuona mkono wangu. Muziki tuliujua kwa kichwa, hilo halikunitisha. Kilichonitisha ni kule kukaa, upinde hewani, nikisubiri pumzi nisiyoisikia.

Nilikisia. Nikaingia peke yangu, mapema, sauti moja nyembamba katika ukumbi mtupu.

"Tena," dada alisema.

Safari hii nilisubiri mno. Nilipogusa uzi wenzangu walishaondoka.

"Mke wangu, labda vuta kwa nguvu zaidi," shemeji alisema gizani.

Nadhani alivuta, maana shemeji alipasuka kwa kicheko. "Mama yangu! Hivyo watu watadhani tumepandisha ng'ombe jukwaani!" Hata Mwalimu alicheka. Mimi nilikuwa bado nasubiri.

Taa zilipowashwa dada alikuwa ameshika fidla mapajani, ananitazama. Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mdogo wangu, sikuelewi siku hizi. Leo usipoingia pamoja nasi, mwakani nitamwita yule binti anayefundishwa na Mwalimu. Sitaki, lakini nitamwita."

"Sawa, dada."

Kiti kile ndicho kitu pekee ninachokijua duniani. Mimi si mtu wa maneno. Kwenye sherehe hukaa karibu na mlango. Ni pale tu, katikati ya wale watatu, ndipo huwa nina la kusema na watu wakanisikiliza. Ningemwambia dada ukweli, angenionea huruma, na huruma nayo ingeniondoa pale vilevile. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Katika chumba cha kubadilishia nguo nilivaa gauni jeusi haraka, nikageukia ukuta, nikapaka kwenye upinde ulimbo mkavu, ule unaozifanya nywele zake zishike nyuzi. Niliusugua mpaka vumbi jeupe likanijaa vidoleni. Nilipoinua macho kwenye kioo, nilimwona dada amesimama kuliani kwangu, karibu kabisa. Midomo yake ndiyo kwanza ilikuwa inafungwa.

"Umesema?" niliuliza.

Alinitazama kwa muda kwenye kioo.

"Sijasema kitu," alijibu, akaenda zake.

Tulitembea hadi vitini kwa mwanga hafifu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nilivua viatu kimyakimya na kuvisukuma chini ya kiti, kwa sababu selo husimama juu ya chuma kilichochomekwa kwenye mbao za jukwaa, na nilijua kwamba shemeji akishaanza, mbao zitatetemeka nami nitajua alipo. Lakini hilo lingenisaidia baada ya kuanza. Kwenye kuanza kwenyewe sikuwa na kitu.

Taa zikazimwa.

Mtu alikohoa, akanyamaza. Niliinua upinde. Jasho lilinitiririka ubavuni. Nilijiambia hesabu, halafu nikajiambia usihesabu, umeshakosea mara tatu leo. Niliogopa upinde utagusa uzi wenyewe.

Ndipo kitu cha joto kikaja juu ya mguu wangu wa kulia. Mguu mtupu. Vidole vya dada, ambavyo tangu utotoni vilikuwa vikinipiga teke kitandani, vilitulia juu ya vyangu. Vilikaa. Kisha vikanyanyuka taratibu, kama pumzi inayovutwa, na vikashuka.

Tukaingia. Sote wanne, sauti moja.

Sikumbuki nilivyopiga. Nakumbuka mbao zikinguruma chini ya nyayo, na kwamba kila tulipofika kwenye kituo mguu ule ulirudi, ukanyanyuka, ukashuka. Kwenye kituo cha mwisho, kile kirefu, ulikaa juu ya wangu muda wote na sikuogopa tena.

Taa zilirudi, watu wakasimama wakipiga makofi. Shemeji alitutazama miguuni, mimi sina viatu, mkewe ana kimoja. "Nyinyi wawili mlikuja kupiga fidla au kulala?"

Tuliinuka kuinama. Dada alipita nyuma yangu, nikahisi mkono wake mgongoni, halafu zipu ya gauni langu ikipanda kutoka kiunoni mpaka shingoni. Nilikuwa nimekaa vile muda wote!

Alizunguka hadi kushoto kwangu, akaleta mdomo kwenye sikio.

"Zipu nilikuambia mara mbili kule ndani," alisema. "Tangu lini?"

"Tangu mvua."

Tuliinama. Makofi hayakupungua.

"Keshokutwa tunakwenda kwa daktari," alisema tukiwa bado tumeinama. "Na kesho tunahamisha viti. Utakaa kuliani kwangu. Mwalimu akilalamika, mwachie mimi."